Shaibu hali wala hatembei: je, mjusi anaweza kuona baridi Unguja?

BARUA

Assalaam alaykum Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Chukwani. Jambo ninalokuandikia linawachekesha baadhi ya watu wa nyumbani kwangu, lakini mimi na mwanangu limetuondolea raha kwa zaidi ya wiki tatu sasa.

Mwezi wa Aprili jirani yetu, mwalimu mgeni aliyemaliza mkataba wake, alirejea kwao Ulaya na kutuachia mjusi wake wa kufuga. Si mjusi kafiri wa ukutani, si kinyonga wala si kenge. Ni mjusi wa ndevu, mwenye asili ya Australia, ana rangi ya mchanga, miiba laini ubavuni, na ngozi ya kidevuni ambayo huivimbisha ikawa nyeusi anapokasirika. Ana umri wa miaka mitatu hivi, na urefu wake pamoja na mkia ni kama sentimita 50. Mwanangu Munir, mwenye miaka 13, amempa jina la Shaibu kwa ajili ya hizo ndevu.

Miezi miwili ya mwanzo hatukuona tatizo. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe lake chini ya taa, akajinyoosha, na Munir alipopita na kibakuli alimfuata kwa macho mpaka apewe. Tangu katikati ya Juni amekuwa mwengine kabisa. Hulala kifudifudi pembeni mwa tangi lake la kioo, macho yamefumbwa nusu, na ukimwekea chakula hukitazama kisha akageuza kichwa. Hupita siku tatu au nne hali kitu, halafu akala majani mawili akaacha. Choo amepata mara moja tu katika siku kumi. Zamani ukimbeba alipiga mkia. Sasa hulegea mkononi kama kitambaa. Hatoi povu wala kamasi, na sijaona jeraha lolote.

Najua utaniuliza nini kimebadilika, basi nakueleza kabisa. Mwanzoni mwa Juni balbu yake iliungua, na fundi akatuwekea taa ya LED, nyeupe na yenye mwanga mkali zaidi, akatwambia kuwa haili umeme. Ile tyubu ndefu, ambayo mwalimu alituhimiza tuiwashe kila mchana, ingali inawaka kama alivyotuachia. Tangi tumelihamisha kutoka chumba cha nyuma tukaliweka ukumbini chini ya feni ili apate hewa. Munir alimletea mchanga mweupe wa pwani akalijaza tangi kiasi cha vidole vinne, kwa kuwa alisoma kwamba mjusi huyu ni wa jangwani. Mimi nami, kwa kumwonea huruma, humnyunyizia maji asubuhi na jioni. Chakula chake ni mchicha, ambao haukosekani, na mende ambao watoto huwakamata jikoni.

Sasa kila mtu ana lake. Mume wangu anasema tatizo haliwezi kuwa baridi, kwa sababu hapa Unguja hata sisi wenyewe tunalala feni ikizunguka. Munir amesoma kwamba mijusi hawa hulala usingizi mrefu msimu wa baridi, na anataka aachwe alale. Jirani mwengine ametuletea bomba la sindano lililotolewa sindano yake, akatushauri tumtie uji wa lishe mdomoni kwa nguvu. Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, anasema mjusi hafugwi, tumpeleke kichakani akajitafutie.

Tafadhali Daktari, huyu ni mgonjwa au amelala? Tumlishe kwa nguvu au tungoje? Na hapa Unguja yuko wa kumtibu?

Mama Munir, Chukwani

MAJIBU

Waalaykumu salaam Mama Munir,

Umenipunguzia kazi kwa kuandika kilichobadilika na lini kilibadilika. Hata wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ninaowatembelea, si wengi wanaonipa maelezo ya namna hiyo. Kwa haya uliyoyaandika, ninaamini kwamba Shaibu hakuanza na ugonjwa bali alianza na baridi, na mambo mengine uliyoyataja yamekuja kuongezea mzigo juu ya baridi hiyo.

Mume wako ana haki ya kushangaa. Sisi tunaoishi nyuzi sita tu kusini mwa ikweta hatuna mazoea ya kudhani kwamba kiumbe anaweza kuona baridi mchana, tena katika nyumba ambayo wenyewe wamefungua feni. Lakini hewa ya Unguja mwezi wa Julai ni nyuzi joto 28 au 29 mchana, na usiku hushuka hadi 22 hivi. Kwa mwili wa mtu, unaojitengenezea joto lake wenyewe, hicho ni kipupwe kizuri cha kukaa barazani. Mjusi hana moto wa ndani. Mjusi wa ndevu akiwa kwao, katika nchi kavu ya ndani ya Australia, huamka asubuhi akapanda juu ya jiwe au gogo, akalitandaza tumbo lake juani mpaka mwili ufikie nyuzi 35 na kitu, ndipo anapokumbuka kula. Akifugwa ndani, mahali pake pa kuota joto panatakiwa pawe na nyuzi 38 hadi 42, zikipimwa juu ya jiwe lenyewe na si hewani. Hizo 28 za ukumbini kwenu zinatosha kumweka hai, lakini hazitoshi kumsagia chakula. Tumbo lake ni chungu ambacho moto wake uko nje: ukiuondoa moto, kilichomo hakiivi, kinachacha. Ndiyo maana sioni kuwa kukataa kwake kula ni ukaidi. Hana cha kupikia.

Moto huo mliuondoa kwa nia njema siku ile fundi alipoweka taa ya LED. Sifa ya taa hiyo, kwamba haipotezi umeme kwa kutoa joto, ndiyo kasoro yake hapa. Fanya jaribio leo hii: taa ikishawaka nusu saa, weka kiganja chako juu ya jiwe la Shaibu. Ukisikia ubaridi, au uvuguvugu tu, basi umeshapata jibu kabla ya kutoka kwenda dukani.

Tafuta balbu ya halojeni, au ile ya zamani yenye uzi wa ndani unaowaka, ya wati 75 au 100. Itie katika holda ya kauri, kwa sababu holda ya plastiki huyeyuka, kisha ifunge juu ya upande mmoja tu wa tangi, nje ya wavu, mahali ambapo hawezi kuigusa. Kwenye maduka ya vifaa vya kuku utaonyeshwa taa nyekundu za vifaranga. Nyingi kati ya hizo ni za wati 250, na ndani ya tangi zitamchoma mgongo, kwa hiyo usizichukue hata ukipewa kwa bei nzuri. Upande wa pili wa tangi ubakie na kivuli na joto la nyuzi 25 hadi 28 ili achague mwenyewe, kwani mjusi asiye na pa kulikimbia joto hufa upesi zaidi kuliko anayeona baridi. Kuhusu kipimajoto, kile cha kuelekeza kwenye paji la uso tulichokizoea wakati wa Korona hakifai, kimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu. Nunua vile vidogo vyenye waya ambavyo wauza samaki huvitia ndani ya mafriza. Ncha ya waya iweke pale pale anapolaza tumbo, na uisogeze balbu juu au chini mpaka kisome 40 au karibu yake. Taa iwake saa 12 za mchana na izimwe usiku. Usiku wa nyuzi 22 haumdhuru mjusi mzima, mradi asubuhi jua lake limchomozee. Umeme ukikatika jioni, usimlishe. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kanga kuukuu na kulazwa karibu naye itamvusha saa chache.

Sasa tuitazame tyubu, kwa sababu wengi hudhani maadam inawaka basi inafanya kazi. Tyubu hiyo iliwekwa ili itoe mionzi ya urujuanimno ya aina ya UVB, ambayo macho yetu hayaioni. Mionzi hiyo ikiipata ngozi yake, mwili hutengeneza vitamini D. Pasipo vitamini hiyo kalsiamu anayokula hupita tu bila ya kumfaa, na mwili huanza kuikopa kutoka kwenye mifupa. Mionzi ya tyubu hufifia ndani ya miezi sita hadi 12 huku mwanga wa kawaida ukiendelea kung'aa vile vile, kwa hiyo mwenye nyumba haoni tofauti yoyote. Kama mwalimu hakuwaambia ameinunua lini, ihesabuni kuwa imekwisha. Na mpime Shaibu mwenyewe: mshike kichwa kwa upole, na kwa ncha ya kidole ubonyeze kidogo taya lake la chini. Linatakiwa liwe gumu kama ukucha wa dole gumba. Likibonyea kama mpira, au ukimwona vidole vya miguu vinatetemeka vyenyewe hali ametulia, ujue mifupa imeshaanza kulainika, na safari ya kwa daktari isingoje wiki ijayo.

Wakati mnaitafuta tyubu mpya, ambayo pengine itabidi iagizwe, mnalo jua uani, na hakuna tyubu iliyowahi kulishinda. Wafugaji wa Ulaya hulipa fedha nyingi kupata kile ambacho nyinyi kinaanguka kwenye bati bure. Mtoeni nje nusu saa kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, ndani ya kizimba cha waya kilichofunikwa nusu kwa kanga au kipande cha kuti ili apate kivuli. Asitolewe na tangi lake, kwa sababu kioo juani hugeuka tanuri kwa dakika chache. Wala kumweka dirishani ndani ya nyumba hakumsaidii, kwani kioo huizuia ile mionzi ya UVB. Munir akae naye muda wote. Paka ni adui anayejulikana, lakini mimi nawahofia zaidi kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu ambao waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo hawajatupa nafasi. Mjusi aliyelegea, kwa kunguru, ni riziki iliyowekwa mezani.

Maji unayomnyunyizia yaache. Najua yanatoka moyoni, lakini mjusi huyu ni wa nchi ambayo hewa yake ni kavu. Ndani ya tangi unyevu unatakiwa uwe asilimia 30 hadi 40, na hewa ya Unguja hata bila ya mkono wako mara nyingi huwa juu ya 70. Mjusi wa baridi aliye katika unyevu ndiye anayeshikwa na kifua. Ukimwona anafungua mdomo akiwa juu ya jiwe la moto, hilo ni jambo la kawaida, anapunguza joto. Ukimwona anafungua mdomo akiwa upande wa baridi, anakoroma, au ana utando na mapovu puani, hapo ndipo pa kushtuka. Umeandika kuwa hana povu wala kamasi, nami nimefurahi kulisoma hilo. Balbu ya moto yenyewe itasaidia kukausha hewa ya tangi, na feni isimpigie moja kwa moja. Mrudisheni katika chumba cha nyuma alikokuwa ametulia.

Mchanga wa Munir nao utoke wote. Jangwa lao lina udongo mgumu uliogandamana zaidi kuliko mchanga mwororo kama huu wetu, ambao kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Kila anapolamba jani lililoanguka humeza na chembe zake, na ndani ya utumbo usio na joto chembe hizo hujikusanya zikawa donge. Tandika gazeti au vigae. Siku kumi bila ya choo kwa mjusi asiyekula na asiye na joto si ajabu peke yake, lakini kwa kuwa kulikuwa na mchanga, tusipuuze. Baada ya kukaa chini ya balbu mpya siku mbili, mtieni katika beseni la maji ya vuguvugu, yale ambayo ukiyajaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono huyasikii moto wala baridi, yafike kwenye viwiko vyake na yasipite hapo. Aachwe humo robo saa, mkiwa mnamtazama. Wengi hunywa humo humo na hupata choo humo humo. Mfute, mrudishe chini ya balbu. Mkirudia hivyo siku nne au tano na hakuna kitu, au tumbo likawa gumu, au akaanza kuburuta miguu ya nyuma, msiendelee kungoja.

Ama lile bomba la sindano, naomba msilitumie. Kumshindilia chakula mjusi wa baridi ni kukitia chakula katika chungu kisicho na moto, nami nimeshaeleza kinachotokea. Zaidi ya hapo, mjusi aliyelegea hamezi vizuri, na uji ukiingia katika njia ya hewa unaweza kumwua kwa muda mfupi. Mjusi mzima wa umri wake huvumilia wiki kadhaa bila ya kula ikiwa alikuwa ameshiba kabla. Utaratibu ni joto kwanza, kisha maji, na chakula ndicho cha mwisho. Siku mbili tatu baada ya joto kurudi, mwekee chakula saa 3 au saa 4 asubuhi, akishaota moto, na usimpe chochote katika saa mbili za mwisho kabla ya taa kuzimwa.

Chakula chenyewe ndicho kitu ambacho mwalimu angewaandikia kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Mjusi mdogo huishi zaidi kwa wadudu, lakini mzima kama Shaibu mlo wake mkubwa ni majani, na wadudu ni wa mara mbili au tatu kwa wiki. Mchicha si sumu, ila una oksaleti nyingi, ambazo huikamata kalsiamu tumboni ikatoka nayo. Kwa mjusi ambaye tyubu yake ina mashaka, mchicha kila siku ni hasara juu ya hasara. Badala yake mpe majani ya mlonge, ambayo yana kalsiamu nyingi na pengine yapo kwenye ua wa jirani yako, au sukuma ya sokoni iliyokatwa nyembamba, au boga bichi lililokwaruzwa, na papai kidogo siku moja moja ili rangi yake imvutie. Kisamvu kibichi usimpe kwa hali yoyote kwa sababu ya sayanaidi yake, na parachichi pia ni sumu kwake. Na watoto wakatazwe kumpelekea vimulimuli wanaowashika usiku: wako vimulimuli wenye sumu ambayo mmoja tu humtosha mjusi wa ndevu kufa.

Mende wa jikoni wamenitia wasiwasi kuliko mchicha. Wangapi kati yao wameponea dawa ya kupulizia juzi au jana, na sasa wameibeba mwilini? Panzi wa kwenye majani yasiyopigwa dawa na nyenje wanafaa zaidi, na kama kuna mfugaji wa kuku karibu yenu anayefuga funza wa nzi weusi, hao ni bora kuliko wote, kwa kuwa wana kalsiamu kuliko wadudu wengine. Mdudu asizidi ukubwa wa nafasi iliyopo baina ya macho yake mawili. Kabla hujampa, mnyunyizie unga wa kalsiamu. Na hapa Chukwani hamna haja ya kuununua. Munir aliyekwenda pwani kuchukua mchanga arudi huko huko akaokote ule mfupa mweupe wa dome, ule mwepesi unaoelea na kuachwa na maji yakitoka. Uroweke kwa maji baridi siku moja, uchemshe, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha ukwangue kwa kisu upate unga laini kama poda. Mfupa huo karibu wote ni madini yenye kalsiamu. Chovya panzi humo, mtikise, mpe.

Nimwombe radhi Munir kwa kumchelewesha, maana alilolisoma ni kweli. Mijusi wa ndevu waliokwisha kupita mwaka mmoja hulala usingizi wa msimu wa baridi, wakapunguza kula na kujificha pembeni kwa wiki kadhaa. Kwao usingizi huo huletwa na siku fupi na usiku wa baridi kali. Kwetu mchana wa Juni na mchana wa Disemba haupishani hata saa moja, kwa hiyo sina haraka ya kuuita huu usingizi, hasa kwa mnyama aliyenyimwa joto mwezi ule ule aliyoanza kulegea. Kipimo kipo. Mkishamrudishia joto lake sawasawa, mkasubiri wiki moja, na bado akawa anauacha moto kwa hiari yake kwenda kujilaza gizani, uzito wake haushuki, macho hayajazama na ukimgusa anaamka, hapo Munir atakuwa ameshinda na mtamwacha alale. Mjusi aliyelala hapungui sana. Mjusi mgonjwa hupungua.

Kuna jambo jengine ambalo hamkuliuliza. Nani aliyewaambia kuwa Shaibu ni dume? Ndevu wanazo wote wawili. Mshike mkononi, uinue mkia wake kidogo bila ya kuulazimisha, utazame chini ya shina la mkia: dume huwa na vivimbe viwili vilivyoachana na mfereji katikati, jike huwa na kimoja tu. Ikiwa Shaibu wenu ni ajuza, basi anaweza kubeba mayai hata kama maishani mwake hajamwona dume, mara nyingi 15 hadi 30 kwa pamoja, na jike mwenye mayai hukataa chakula na kuhangaika. Utayasikia kwa kidole kama gololi ndani ya tumbo. Mtafutie ndoo pana yenye mchanga wa maji maji, kina cha sentimita 25 hivi, unaoshikana ukiufumba mkononi, na umwache achimbe bila ya kutazamwa. Akichimba siku mbili tatu kisha akaacha na kulegea bila ya kutaga, hiyo ni dharura.

Kuhusu wa kumtibu, madaktari wa mifugo wa hapa kazi yetu kubwa ni ng'ombe, mbuzi, kuku na punda, na wengi hawajawahi kumshika mjusi wa ndevu. Hilo lisikukatishe tamaa, kwa sababu uchunguzi unaohitajika mwanzo ni wa choo, na hadubini haimchagui mnyama. Minyoo ya utumbo na koksidia, ile ile inayowasumbua wafugaji wa kuku ingawa aina yake ni nyengine, ni miongoni mwa sababu za kawaida za mjusi wa ndevu kukosa hamu ya kula hata akiwa na joto la kutosha. Siku atakayopata choo, kichukue kingali kibichi, ukitie katika kikopo safi chenye mfuniko, ukipeleke siku hiyo hiyo kwa daktari au maabara ya mifugo. Dawa za kuku za dukani usimpe kwa kukisia. Daktari wako akiwa na shaka juu ya kipimo cha dawa, anaweza kuwauliza wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, ambako wengi wetu tumesomea.

Mavyaa wako mheshimuni. Kwa la dini waulizeni masheikh, mimi simo. Lakini kwa la afya ana hoja nzuri kuliko anavyojua. Mijusi hawa hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila ya wao kuumwa, na wazee na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi. Kila amgusaye Shaibu anawe kwa sabuni, beseni lake liwe lake peke yake, lisioshewe jikoni, na asitembezwe juu ya busati la kulia chakula. La kumtupa kichakani ndilo ambalo sikubaliani nalo. Kwa hali aliyo nayo atakufa siku ya kwanza, na akiwa na nguvu itakuwa tumeongeza mgeni mwengine katika kisiwa ambacho bado kinahangaika na kunguru.

Mzani wa jikoni mnao? Mpimeni kesho asubuhi ndani ya bakuli, mtoe uzito wa bakuli, mwandike gramu na tarehe ukutani kando ya tangi, na mrudie kila Ijumaa kabla hajala. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa kesho, mpelekeni kwa daktari bila ya kuningoja. Asipopungua, niandikieni baada ya wiki tatu mkiwa na namba zote nne, na mniambie pia mlichokiona chini ya mkia.